Kuhamia Brooks, Alberta: Mwongozo Kamili wa Mji Mdogo wa Kanada na Taasisi Zake

Brooks ni mji mdogo ulioko kusini mashariki mwa jimbo la Alberta nchini Kanada, kando ya barabara kuu ya Trans-Canada, kiasi cha kilomita 190 kutoka Calgary na zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Medicine Hat. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo wakazi 14,924. Pamoja na udogo wake, mji huu umepewa jina la utani la Mji wa Salamu 100, kwa sababu kiwanda kikubwa cha nyama ya ng'ombe kilichoko nje kidogo ya mji kimekuwa kikivuta wafanyakazi kutoka Sudan, Somalia, Ethiopia, Kongo, Ufilipino na kwingineko tangu miaka ya 1990. Mtu anayehamia huko akitokea Bukavu, Nakuru au kambi ya Nyarugusu hatakuwa mgeni wa kwanza wa aina yake, na watumishi wa ofisi za mji wamekwisha kuzoea majina marefu, vyeti vya nchi mbalimbali na Kiingereza cha lafudhi nyingi.

Jambo ambalo wageni wengi huchelewa kulitambua ni kwamba katika mji wa ukubwa huu kila huduma kwa kawaida ina mlango mmoja. Hospitali ni moja, maktaba ya umma ni moja, ukumbi wa halmashauri ni mmoja, na mlango wa pili uko mwendo wa saa moja au mbili kwa gari. Kwa hiyo mpangilio wa hatua ndio unaookoa muda na fedha: karatasi fulani hufungua ofisi fulani, na ofisi hiyo hutoa karatasi inayofungua nyingine. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Hatua ya 1: Karatasi za kubeba kabla ya safari

Beba mkononi, si kwenye sanduku, vyeti vya kuzaliwa vya familia nzima, cheti cha ndoa au cha talaka, kadi za chanjo za watoto, ripoti za shule, vyeti vya elimu na barua za waajiri wa zamani. Kama vyeti ni vya Kifaransa au Kiswahili, vitahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, na ni vigumu zaidi kupata mfasiri ukiwa Brooks kuliko ukiwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala.

Karatasi moja husahauliwa sana, nayo ni barua ya mamlaka ya leseni inayoonyesha umekuwa dereva kwa miaka mingapi. Kwa Kenya mamlaka hiyo ni NTSA, na kwa Tanzania leseni hutolewa na TRA. Ukiwa na barua hiyo, ushahidi wa uzoefu wako unaweza kukusaidia unapoomba leseni ya Alberta na unapojadiliana na kampuni ya bima ya gari. Bila barua hiyo, miaka 15 ya kuendesha lori kati ya Mombasa na Malaba inaweza kuhesabiwa kama haikuwapo.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza

Mlango wa kwanza uwe ofisi ya huduma kwa wahamiaji ya Brooks na kaunti yake, inayoendeshwa na Calgary Catholic Immigration Society. Jina la Kikatoliki lisimzuie Muislamu au mtu wa dhehebu lingine, kwa kuwa huduma ni za watu wote na hazilipiwi. Washauri wa ofisi hiyo husaidia kujaza fomu, hukuelekeza kwenye upimaji wa Kiingereza, na hukusaidia kupata mkalimani pale panapohitajika. Nashauri uende hata kama una ndugu au rafiki mjini ambaye yuko tayari kukusaidia, kwa sababu ndugu anajua njia aliyopita yeye mwaka aliofika, na masharti hubadilika.

Baada ya hapo omba namba ya bima ya jamii, inayojulikana na kila mtu kwa kifupi chake cha SIN. Unaihitaji ili ufanye kazi kihalali, na mwajiri atakuomba umpe. Huombwa kwa Service Canada kwa njia ya mtandao, kwa posta au ana kwa ana, nayo ni bure kabisa. Mtu mwenye kibali cha muda hupewa namba inayoanza na tarakimu 9, ambayo humalizika pamoja na kibali chake. Usiitaje namba hii kwa mtu anayekupigia simu, hata akidai kuwa anatoka serikalini, na usiibebe kwenye pochi. Iandike mahali salama nyumbani.

Kisha fungua akaunti ya benki. Utahitaji kitambulisho na hati ya uhamiaji, na benki hairuhusiwi kukunyima akaunti ya kawaida kwa sababu tu huna kazi au huna fedha za kuanzia.

Neno moja kuhusu saa, maana limewapotezea watu miadi. Ukiambiwa miadi ni saa 8 kwa hesabu ya Kiingereza, ni saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu. Iandike kwa tarakimu za pale pale, 8:00, na usiitafsiri kichwani. Brooks iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10 wakati wa baridi na saa 9 wakati wa kiangazi, hivyo wakati mzuri wa kumpigia mama nyumbani ni asubuhi yako, ambayo ni jioni yake.

Hatua ya 3: Nyumba ya kupanga

Sheria ya upangaji ya Alberta ni fupi na inamlinda anayeijua. Amana haiwezi kuzidi kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba anapaswa kufanya ukaguzi wa nyumba pamoja nawe ndani ya wiki moja kabla au baada ya wewe kuingia, na kukupa taarifa ya maandishi. Asipofanya ukaguzi huo, hana haki ya kukata amana yako kwa madai ya uharibifu. Kwa hiyo siku ya ukaguzi piga picha kila ukuta, kila zulia, jiko, friji na madirisha, na uzihifadhi. Ukihama, amana au hesabu ya makato yake inatakiwa ikufikie ndani ya siku 10. Mwenye nyumba anayetaka kuingia ndani kwa ukaguzi au matengenezo ya kawaida lazima akupe notisi ya saa 24 kwa maandishi.

Sheria hiyo ina upungufu ambao ni lazima uwe katika hesabu zako: Alberta haina kikomo cha kiwango cha kupandisha kodi. Kilichowekewa mpaka ni muda tu, yaani siku 365 lazima zipite kati ya ongezeko moja na lingine. Kabla ya kutia saini, uliza kama umeme, gesi na maji vimo ndani ya kodi, kwa sababu bili ya gesi ya kupashia nyumba joto mwezi Januari inaweza kuvuruga bajeti iliyopangwa mwezi Julai. Akija mtu mlangoni pasipo kuitwa kukuuzia mkataba wa umeme au gesi, mwambie hapana. Biashara hiyo ya mlango kwa mlango ilipigwa marufuku Alberta tangu mwaka 2017.

Hatua ya 4: Kadi ya afya, hospitali na namba tatu za simu

Ukishakuwa na anwani, nenda kwa wakala wa usajili. Huyu ni mfanyabiashara binafsi aliyeruhusiwa na serikali ya jimbo kutoa leseni, kusajili magari na kupokea maombi ya kadi ya afya. Beba uthibitisho wa utambulisho, wa haki ya kuwa Kanada, na wa makazi yako Alberta, kwa mfano mkataba wa upangaji. Omba ndani ya miezi mitatu tangu kufika, ili bima ihesabiwe kuanzia siku ya kuwasili ikiwa umetoka moja kwa moja nje ya Kanada. Aliyehamia kutoka jimbo jingine husubiri hadi siku ya kwanza ya mwezi wa tatu baada ya kuhamia, na katikati hapo hubebwa na bima ya jimbo alilotoka. Asiitupe kadi yake ya zamani.

Bima ya jimbo haina ada ya mwezi, nayo hulipia daktari na hospitali. Kwa kawaida hailipii meno, miwani, dawa za dukani, wala gari la wagonjwa. Hilo la gari la wagonjwa huwashtua wengi, kwa kuwa bili yake ni mamia ya dola. Mkimbizi aliyeletwa chini ya mpango wa serikali ya shirikisho ana bima ya muda ya shirikisho inayoziba sehemu ya mapengo haya, na mfanyakazi wa kudumu mara nyingi ana bima ya ziada kazini. Uliza zote mbili mapema kabla hujaugua.

Hospitali ya mji huitwa Brooks Health Centre, nayo ina idara ya dharura. Vipimo na wataalamu ambao hawapo hapo hufuatwa Medicine Hat au Calgary. Ni mazoea mabaya, ingawa yanaeleweka, kukimbilia idara ya dharura kwa kila homa. Utasubiri kwa saa nyingi, na hutapata daktari anayelijua faili lako. Jiandikishe kwa daktari wa familia mara tu kliniki yoyote itakapokuwa inapokea wagonjwa wapya, hata kama una afya njema.

Namba za kuandika kwenye mlango wa friji ni 911 kwa hatari ya maisha, moto au uhalifu unaoendelea. 811 kwa ushauri wa muuguzi usiku na mchana. Na 211 kwa kuulizia misaada ya kijamii. Kwenye 811 sema tu neno “Swahili”, kisha usubiri bila kukata simu wakati wanamtafuta mkalimani. Usimtumie mtoto wa shule kama mkalimani wa ugonjwa wa mama yake. Ni mzigo usiomfaa, na haki ya mkalimani unayo.

Hatua ya 5: Kazi

Kiwanda cha nyama, ambacho tangu mwaka 2013 kinamilikiwa na kampuni ya JBS, ndicho mwajiri mkuu wa mji, kikiwa na wafanyakazi zaidi ya 2,500. Wengi wa wanaofika huanzia hapo, kwa sababu nafasi nyingi hazihitaji vyeti na Kiingereza kidogo kinatosha kuanza. Ni kazi halali na ya heshima, na imejenga nyumba nyingi huko Kongo na Sudan. Ni kazi nzito vilevile. Mtu husimama zamu nzima katika chumba chenye baridi, akirudia mkato uleule wa kisu mbele ya mkanda usiosimama, na viungo vya kwanza kulalamika ni vifundo vya mikono, mabega na mgongo.

Kwa hiyo jifunze kunoa kisu vizuri kuliko kujifunza kitu kingine chochote katika wiki ya kwanza, maana kisu butu ndicho kinachoumiza mkono. Ganzi au maumivu ya mkono yakianza, mwambie msimamizi siku hiyohiyo na uhakikishe yameandikwa. Alberta ina bodi ya fidia kwa wafanyakazi, na mwajiri anatakiwa kuitaarifu ndani ya saa 72 tangu alipopata habari ya jeraha linalomzuia mtu kufanya kazi. Maumivu yaliyofichwa kwa miezi sita kwa kuogopa kupoteza saa za kazi ni vigumu kuyathibitisha baadaye. Una haki pia ya kukataa kazi unayoamini kuwa ni ya hatari, na kuikataa kwa nia njema si kosa la kufukuzwa.

Wafanyakazi wa kiwandani wanawakilishwa na chama cha wafanyakazi cha UFCW, tawi la 401. Mkataba wao wa kwanza haukupatikana kirahisi. Ulikuja baada ya mgomo wa wiki kadhaa mwaka 2005, na wahamiaji kutoka Afrika walikuwa miongoni mwa waliosimama kwenye mstari wa mgomo. Mfahamu mwakilishi wa chama katika zamu yako kwa jina, na uombe nakala ya mkataba. Kwa waajiri wasio na mkataba wa chama, sheria ya jimbo inasema kima cha chini cha mshahara ni dola 15 kwa saa, na saa zinazozidi 8 kwa siku au 44 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu.

Mwaka 2012 kiwanda hicho, kikiwa chini ya mmiliki mwingine, kilifungwa kwa wiki kadhaa baada ya bakteria wa E. koli kugunduliwa kwenye nyama, na mji mzima ukaonja maana ya kutegemea mlango mmoja. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba anayeanzia kiwandani aweke akiba ya angalau miezi miwili, na aanze mapema kutafuta ujuzi wa pili. Nje ya kiwanda kuna mazizi makubwa ya kunenepeshea ng'ombe, mashamba ya umwagiliaji, visima vya gesi na mafuta, huduma za wazee, shule na maduka. Karibu zote zinataka leseni ya udereva.

Hatua ya 6: Leseni, gari na baridi

Usitegemee basi la mji la kupita kila baada ya dakika chache. Wafanyakazi wengi wa zamu huchangia mafuta na kupanda gari moja, na huo ndio usafiri wa mgeni kwa miezi ya mwanzo. Lakini gari lake mwenyewe humpa mtu uhuru wa kuchagua kazi, daktari na shule.

Mkaazi mpya anaruhusiwa kutumia leseni ya nchi yake kwa siku 90, kisha sharti awe na ya Alberta. Alberta haibadilishani leseni moja kwa moja na nchi zetu za Afrika Mashariki, hivyo utafanya mtihani wa maandishi wenye maswali 30, ambapo unatakiwa kupata 25, na baadaye mtihani wa barabarani. Kitabu cha sheria za barabara kinapatikana bure kwenye mtandao wa serikali ya jimbo. Dereva aliyezoea kushika kushoto kama ilivyo Kenya, Tanzania na Uganda asione aibu kulipia masomo machache ya mwalimu, kwa sababu mwili hurudia mazoea yake kwenye makutano, hasa usiku. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi ameshazoea upande wa kulia.

Bima ya gari ni ya lazima na kwa mgeni ni ghali. Pata bei ya bima kabla ya kununua gari, kwani wengi wamenunua gari zuri wakashindwa kuliingiza barabarani.

Baridi ya tambarare hizi inaweza kushuka chini ya nyuzi 30 za hasi. Gari linahitaji hita ya injini, ule waya unaoonekana ukining'inia mbele ya magari. Chomeka kwenye umeme saa chache kabla ya kuondoka. Matairi ya baridi si lazima kisheria Alberta, lakini kwa anayesafiri zamu ya usiku naona ni lazima kwa maisha. Weka ndani ya gari blanketi, koleo dogo, tochi, maji na waya wa kuamshia betri. Kabla ya kwenda Calgary wakati wa theluji, angalia hali ya barabara kwenye huduma ya 511. Gari likikwama porini, kaa ndani yake. Usitembee kutafuta msaada, ila hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji kabla ya kuwasha injini.

Nguo nunua kwa tabaka: ya ndani iliyobana, ya kati ya sufu, ya juu ya kuzuia upepo. Maduka ya mitumba ya mjini yana majaketi mazuri, na watoto hukua upesi mno kwa majaketi mapya ya kila mwaka.

Hatua ya 7: Shule

Brooks ina mifumo mitatu ya shule, yote ikigharamiwa na umma. Kwanza ni shule za umma za Grasslands, zenye makao yao mjini hapohapo, ambazo shule yake ya sekondari ni Brooks Composite High School. Pili ni shule za Kikatoliki za Christ the Redeemer, zikiwemo Holy Family Academy na St. Joseph's Collegiate. Mzazi wa Afrika Mashariki hudhani shule ya Kikatoliki ni ya binafsi na ya ada kubwa. Alberta si hivyo, kwani Katiba inailinda na serikali huigharamia kama ya umma.

Tatu, na hii naomba wazazi wa Kongo, Burundi na Rwanda waisome kwa makini, ni École Le Ruisseau, shule ya Kifaransa iliyo chini ya bodi ya FrancoSud. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa Goma au Bujumbura anaweza kuendelea na hesabu na sayansi bila kukwama kwenye lugha, huku Kiingereza akikipata uwanjani, dukani na kwenye televisheni. Udahili una masharti yake, hivyo mzazi aonane na mkuu wa shule akiwa na ripoti za zamani. Ni hazina kubwa kwa mji mdogo kiasi hiki, na familia ambazo zingefaidika nayo zaidi ndizo ambazo mara nyingi husikia habari zake watoto wakiwa tayari wamewekwa kwingine.

Kokote utakakochagua, mtoto atapangwa darasa kwa umri, si kwa kiwango alichoachia. Kama alipoteza miaka miwili kambini, sema wazi siku ya kuandikisha, na uombe msaada wa Kiingereza kwa wanafunzi wa lugha ya ziada. Kijana wa miaka 17 bado ana haki ya kuandikishwa sekondari. Asipelekwe kiwandani kabla hamjaonana na mshauri wa shule. Mkutano wa wazazi na walimu hudhurieni hata kwa mkalimani, kwani mwalimu wa huko huutafsiri ukimya wa mzazi kuwa ni kutojali, wakati kwetu mara nyingi ni heshima.

Hatua ya 8: Kiingereza, chuo na maktaba

Madarasa ya LINC, yaani ya Kiingereza kwa wahamiaji, ni ya bure kwa wakaazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa. Utapimwa kwanza, kisha utapangiwa kiwango. Mtu wa zamu ya jioni atafute darasa la asubuhi, na wa mchana atafute la jioni. Uliza ratiba zote kabla ya kusema huna nafasi. Chuo cha Medicine Hat kina kampasi yake mjini Brooks, ambako mtu mzima anaweza kukamilisha masomo ya sekondari au kusoma fani bila kuhama. Hiyo ndiyo ngazi ya kutokea kwenye mkanda wa nyama kwenda kwenye huduma za wazee, ofisi au ufundi.

Maktaba ya umma ya Brooks imo katika mtandao wa Shortgrass, kwa hiyo kitabu kisichokuwapo huagizwa kutoka maktaba nyingine. Kuna kompyuta, intaneti, mahali pa kuchapisha nyaraka na mahali pa watoto kukaa kwa utulivu na joto mchana wa Februari. Kwa kijana anayeishi nyumba yenye watu wanane, meza tulivu ya maktaba inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kufaulu na kufeli.

Hatua ya 9: Hesabu za kodi na posho ya watoto

Jaza taarifa ya kodi ya mapato kila mwaka kabla ya Aprili 30, hata kama hukupata mapato yoyote. Serikali hutumia taarifa hiyo kukokotoa posho ya watoto ya Kanada, marejesho ya kodi ya mauzo, na haki ya kuingia kwenye mpango wa meno wa taifa. Familia isiyojaza husimamishiwa malipo. Mkaazi wa kudumu na mkimbizi aliyekubaliwa huomba posho ya watoto mara anapofika. Mwenye kibali cha muda husubiri hadi awe ameishi Kanada miezi 18 mfululizo na awe na kibali halali katika mwezi wa 19. Katika miezi ya Machi na Aprili, watu wa kujitolea huwajazia bure wenye mapato madogo, na ofisi ya wahamiaji itakuelekeza waliko. Alberta haina kodi ya mauzo ya jimbo, hivyo dukani utaongezewa asilimia 5 ya shirikisho peke yake.

Hatua ya 10: Kuishi, si kufanya kazi tu

Kituo cha michezo cha JBS Canada Centre kina bwawa la kuogelea, ukumbi wa barafu na mahali pa mazoezi. Waandikishe watoto masomo ya kuogelea kabla ya kitu kingine chochote, na hili si suala la anasa. Mji huu umezungukwa na mifereji ya umwagiliaji yenye kingo za utelezi na mkondo mkali usioonekana juu, na wakati wa baridi barafu yake haiaminiki. Mwambie mtoto asikanyage ukingo wa mfereji, na umkumbushe kila msimu.

Maji hayo yana historia ya kuvutia. Eneo hili ni kavu, na lilikuwa nchi ya wenyeji wa asili, watu wa Siksika na jamii nyingine za Blackfoot, waliotia saini Mkataba wa 7 mwaka 1877. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilijenga bwawa la Bassano kwenye mto Bow na mfereji wa zege uliobebwa juu ya nguzo, wenye urefu wa kilomita 3.2, uliokamilika mwaka 1914, ili kuuza ardhi kwa walowezi. Mwaka 1935 wakulima wenyewe waliuchukua mfumo huo chini ya Eastern Irrigation District. Mfereji wa zege uliacha kutumika mwaka 1979, lakini nguzo zake bado zimesimama karibu na mji kama eneo la kihistoria la taifa. Ziwa Newell, lililotokana na mradi huohuo, lina ufukwe wa kuogelea kwenye hifadhi ya Kinbrook Island. Familia za Kiafrika hujaa huko na majiko ya mkaa wikendi za Julai.

Umbali wa nusu saa hivi kaskazini mashariki kuna Dinosaur Provincial Park, eneo la urithi wa dunia tangu mwaka 1979, ambako mifupa ya aina zaidi ya 40 za dinosaria imefukuliwa. Mtanzania atakumbuka Tendaguru ya Lindi. Kuokota kisukuku chochote humo ni kosa kisheria. Piga picha na ukiache.

Wakati wa baridi mji mzima huhamia uwanja wa Centennial Regional Arena kuitazama timu ya vijana ya magongo ya barafu, Brooks Bandits, iliyotwaa ubingwa wa taifa wa daraja lake miaka ya 2013, 2019, 2022 na 2023. Nenda hata mara moja. Jirani ambaye hajawahi kukusemesha mtaani ataanza kukueleza sheria za mchezo.

Hatua ya 11: Ukaazi wa kudumu na uraia

Mwenye kibali cha muda aulize kuhusu mpango wa jimbo wa kuhuisha maeneo ya vijijini, ulioanza mwaka 2022, ambao eneo la Brooks na Newell limeidhinishwa kuutumia. Kwa ufupi, mwajiri wa eneo hutoa ofa ya kazi ya kudumu, jamii hutoa barua ya kuunga mkono, kisha jimbo huchambua ombi. Barua hiyo haiuzwi. Yeyote anayedai maelfu ya dola ili akupatie ofa ya kazi anavunja sheria, awe mgeni au ndugu wa ukoo. Ukihitaji mshauri wa kulipwa, hakikisha ni mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa na chuo cha washauri wa uhamiaji cha Kanada, na jina lake ulitafute mwenyewe kwenye orodha rasmi.

Mkaazi wa kudumu anaweza kuomba uraia akishakuwa Kanada kimwili kwa siku 1,095 ndani ya miaka mitano iliyotangulia ombi, na wenye umri wa miaka 18 hadi 54 hufanya mtihani wa maswali 20, ambapo 15 ndiyo alama ya kufaulu. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi huruhusu uraia wa nchi mbili; Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haziruhusu, hivyo familia ya huko ilizungumze suala hilo la ardhi, urithi na pasipoti kabla ya kuapa. Kura ya kumchagua meya na madiwani wa Brooks hupigwa na raia, kila baada ya miaka minne, mwezi Oktoba. Tangu siku ya kwanza weka daftari la kuandika tarehe ya kila safari ya kutoka na kuingia Kanada, hata ile ya siku tatu kwenda kwenye harusi Marekani, kwa sababu utatakiwa kuziorodhesha zote kwenye fomu ya uraia.